Siku Niliyomkalia Baba Mkwe Makambini

Aibu hii hata sasa nikianza kuisimulia nasikia uso ukipata moto, lakini nyinyi ni wenzangu, acha niitoe.

Nilikuwa nimeolewa juzi tu, nimetoka Ogembo nikaja Nyakoe, na kwaya ya kina mama ikanipa ubeti wa kuimba peke yangu makambini, ile mikutano ya kanisa ya kila mwaka, siku ya Sabato, mbele ya ukoo mzima wa mume wangu ambao ulikuwa bado haujanijua. Nilitaka tu wanipende. Sasa Kwamboka, kiongozi wetu, akaamua kwaya yote ivae viatu vya visigino virefu. Nikasema mimi nimezoea gambuti za mpira za kuchumia majani chai.

"Kumbe wewe ndiye utatuharibia safu?" akauliza, na wengine wakanitazama tu, kimya (afadhali wangenitukana). Nikavinunua Nyamira, vidogo kuliko mguu wangu, nikajiambia vitatanuka.

Mnajua mvua ya huku. Ilinyesha mchana, uwanja ukawa utelezi mtupu, na tulipoitwa tukateremka kwa madaha kuelekea mbele ya hema, mimi natabasamu huku vidole vinalia, mara kisigino kikazama, mguu wa pili ukateleza, nikaenda, nikaenda, nikaishia mapajani mwa mzee wa kanisa aliyekaa kiti cha mbele. Mzee mwenyewe ni baba mkwe.

Mtu wa kwingine atacheka tu. Lakini kwetu Abagusii mke wa kijana hampi baba mkwe hata mkono, hapiti karibu na alipokaa, heshima hiyo tunaiita chinsoni, na mimi nilikuwa nimemkalia. Mzee akainua mikono yote miwili juu kama mtu aliyeshikwa na polisi (asiniguse), macho ameyakaza kwenye turubai. Nikajizoa na matope yangu, nikakimbilia nyuma ya hema, nikaamua leo leo narudi kwetu Ogembo.

Kwamboka akanifuata na kwaya nzima. Hakusema pole. Aliketi kwenye matope na sketi yake nyeupe, akavua viatu. "Sisi ndio tulikuingiza, sisi ndio tutakutoa," akasema. Wengine wakavua pia, hata Mama Moraa ambaye huficha nyufa za miguu yake siku zote. Nikasema sirudi ndani. Wakanitazama tu, kimya, macho yale yale ya siku ya viatu, na kama siku ile, nikashindwa kukataa. Tukaimba miguu mitupu. Ubeti wangu niliuimba nikilia, lakini sauti haikunitupa. Nawashukuru wale wanawake mpaka leo.

Jumapili mama mkwe akaniletea gambuti mpya, saizi yangu kabisa. "Nimetumwa," akasema, akijizuia kucheka. "Mzee anasema mwaka ujao umwimbie tena, lakini ukiwa mbali."

Visigino nimeapa sivai tena, aseme Kwamboka, aseme nani. Ila kila makambi mimi husimama mwisho kabisa wa safu, na gambuti zangu, namwimbia mzee nikiwa mbali.