Miaka Yangu ya Maabara na Damu ya Mama Bosibori

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha afya upande wa Kenyenya, Msimamizi wa Maabara hakunipa hata nafasi ya kutundika begi. Alinisogezea darubini. Chini yake kulikuwa na kioo chenye tone la damu ya mzee mmoja aliyekuja akilalamikia mgongo.

"Unaona nini?"

Nilitazama kwa bidii ya mtu aliyetoka chuoni juzi. "Malaria hakuna, mkubwa."

"Sijakuuliza kisichokuwepo."

Nikatazama tena. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida hutawanyika kila moja kivyake, zilikuwa zimelaliana kama chapati ndani ya hotpoti. Msimamizi akanieleza kwamba protini ikizidi katika damu, chembe hushikana hivyo. Akanionyesha pia mrija mwembamba uliosimama wima kwenye stendi, damu ya mzee yule ikiwa imezama upesi mno na kuacha maji ya njano juu. Kipimo hicho cha kasi ya kuzama kwa damu hakitaji ugonjwa. Kinakuambia tu kwamba kuna jambo, ulitafute.

Tulilitafuta. Mzee akapelekwa hospitali kubwa, na huko wakakuta saratani ya uboho, ile inayoitwa mailoma. Uboho ni ute ulio ndani ya mfupa, ndio kiwanda cha damu. Mifupa yake ilikuwa imeshaliwa na figo zimeziba. Kwa muda mrefu alikuwa akimezeshwa dawa za maumivu, kila mtu akisema ni mgongo wa kubeba majani chai. Nilikasirika sana, na nikaapa kwamba mgonjwa mwingine wa namna hiyo hatanipita hivi hivi.

Kutoka Kenyenya nilihamishiwa Ogembo, chini ya Afisa wa Maabara mmoja ambaye hakujua kucheka kabla ya saa nne asubuhi. Kila siku, kabla ya kumgusa mgonjwa yeyote, tulilisha mashine damu ya mfano ambayo majibu yake tunayajua. Yakitofautiana, hatufungui dirisha. Wagonjwa wangelalamika nje, naye angewajibu kwa Kigusii kilichonyooka kwamba yeye hauzi mboga. Kwangu mimi alikuwa na neno moja: "Mashine ikikudanganya wewe, wewe utamdanganya mama wa mtu." Ndiye aliyenifundisha kutolitoa jibu jipya bila kuliweka kando ya lile la zamani.

Miaka yangu ya mwisho niliitumikia hospitali moja upande wa Nyamira. Daktari Mkuu alikuwa mama kutoka Pwani, mpole wa sauti na mgumu wa msimamo. Huko ndiko nilikokutana na Mama Bosibori, mjane mwenye shamba la chai na migomba karibu na Nyaramba.

Alikuja kwa kizunguzungu tu, lakini protini katika damu yake ilikuwa juu. Tukatuma sampuli Nairobi kwa kipimo kinachotenganisha protini kwa umeme. Majibu yake huja kwa mchoro. Kwa mtu mzima wa afya, sehemu ya mwisho ya mchoro ni kilima kipana, maana kinga za mwili ni za aina nyingi. Wake ulikuwa na ncha moja nyembamba, dalili kwamba kikundi kimoja cha chembe za uboho kinatengeneza protini ya aina moja tu. Walimpima uboho na mifupa, na saratani haikuwepo. Hali hiyo huitwa ya kungojea. Wengi hukaa nayo maisha yao yote bila kuugua, lakini wengine huugua, na hakuna ajuaye nani ni nani ila kwa kupima kila baada ya miezi kadhaa. Ukiacha kupima, utajua siku figo zimekufa.

Hapo ndipo palipokuwa na vita. Shemeji yake, Mzee Ombati, ndugu wa marehemu mumewe, alimfuata hadi ofisini kwa Daktari Mkuu.

"Daktari, wewe umesema huyu mama hana ugonjwa. Sasa hii damu munatoa kila mara ni ya nini? Mtu hana ugonjwa na anatolewa damu!"

"Mzee wangu, tunamlinda," akasema Daktari Mkuu.

"Linda yeye na dawa basi. Kama dawa hakuna, tunarudi nyumbani."

Mama Bosibori akashika mkoba wake, akainuka. Niliona anaelekea kumtii. Nilimsihi aje walau mara moja zaidi. Akaja, na ndiyo mara ambayo karibu ituharibie kila kitu.

Majibu yalikuwa mabaya. Protini imepanda, na kreatinini, takataka ambayo figo huiondoa, imepanda pia. Daktari Mkuu alishika kalamu amwandikie barua ya kwenda kuanza matibabu, kisha akaiweka chini. "Mbona wingi wa damu nao umepanda?" akaniuliza. Nami jambo hilo hilo lilikuwa linanisumbua. Wingi wa damu hupimwa kwa himoglobini, na mailoma huishusha. Tukamwita mama.

"Ulikula nini kabla ya kuja?" nikamuuliza.

"Sikukula, daktari." Kwetu kila mwenye koti jeupe ni daktari. "Tulifunga na akina mama wa kanisa. Siku mbili, bila chakula, bila maji. Nilitaka Mungu anitengenezee damu safi ndio nilete."

Hatukucheka. Nilimwomba afikirie uji wa wimbi ulioachwa jikoni ukachemka mpaka maji yakapungua. Uji umekuwa mzito, lakini je, kuna aliyeongeza unga?

Akafikiri. "Unga ni ule ule. Ni maji imeisha."

"Basi damu yako ni huo uji."

"Kwa hivyo mulipima kiu yangu!"

Daktari Mkuu alimwambia aendelee kuomba, ila maji anywe. Wiki iliyofuata alirudi, na majibu yakawa yale yale ya zamani. Tangu hapo nilimfundisha kusoma namba zake, si kwa kuzilinganisha na za jirani wala kwa kutafuta alama nyekundu, bali na zake mwenyewe za nyuma. Himoglobini inaweza kubaki ndani ya mipaka ya kawaida na bado iwe inateremka ngazi kila mara. Kalsiamu ikipanda, huenda mfupa unamung'unywa. Mzee Ombati alisikiliza akiwa mlangoni, amenuna.

Nilistaafu hivyo, mama akiwa salama. Sasa napogoa chai yangu, magoti yananilalamikia, na vijana wa maabara hunipigia simu kunieleza kuhusu mashine zinazotoa jibu kabla hujakaa. Nawapongeza, kisha nawauliza kama wametazama jibu la mara iliyopita. Wengine hukiri hawajatazama, nami huwasema mpaka waniage kwa heshima ya kujilazimisha.

Mwezi uliopita Mama Bosibori alikuja nyumbani. Mke wangu alimkaribisha chai, naye akasema atakunywa baadaye. Alinipa majibu yake, lakini kabla sijavaa miwani akaanza yeye.

"Nilikunywa maji, daktari. Tena mingi. Himoglobini imeshuka mara tatu, inafuatana. Protini imepanda mara tatu. Kreatinini iko mahali yake." Akagusa karatasi kwa kidole. "Safari hii unga umeongezwa."

Nilisoma. Ilikuwa kweli, kila neno. Macho yaliniuma na sikuona aibu. Nikamuuliza Daktari Mkuu amesemaje.

"Alisema figo ni nzima na mfupa ni mzima, tumeshika mapema. Kitanda ya kuanza dawa iko kesho, Jumatatu. Nimemwambia naenda."

"Na Mzee Ombati?"

Akaelekeza kidole langoni. Mzee alikuwa amesimama pale na mfuko wa nguo za shemeji yake begani, na mkononi chupa kubwa ya maji.