Visanduku Viwili vya Bi Kistari

Pale kwenye kiwanda cha uchapaji walimwita Bi Kistari, naye hakununa, maana jina alilitafuta mwenyewe. Kwa miaka thelathini na mmoja alisoma prufu, kurasa za majaribio, kwa kalamu nyekundu, na maneno mawili yakitaka kuwa neno moja, hakimu ni yeye: yaungane, yatengane, au yatiwe kistari. Kila hukumu aliiandika kwenye kadi. Kadi ilikaa kwenye kisanduku ofisini, nakala yake kwenye kingine nyumbani chini ya kitanda, kwa sababu paa la ofisi lilivuja na mafundi hakuwaamini.

Meneja aliahidi kuzichapa kadi hizo ziwe kitabu cha mwongozo kabla Bi Kistari hajastaafu. Jamani, alifurahi hadi akaanza kuwasalimia hao hao mafundi. Hakujaliwa mtoto. Kitabu hicho ndicho kingebaki nyuma yake.

Mpiga chapa, dada mmoja mpole, alipanga kadi za visanduku vyote viwili mezani, akazilinganisha, kisha akamwita Bi Kistari.

"Mama, samahani. Hii na hii hazipatani, na zote ni mwandiko wako."

Zisizopatana zilikuwa mamia. Mwaka ule alipomuuguza mama yake hakunakili. Za nyumbani aliziandika kwa kukumbuka tu, akili yote iko kwa mgonjwa. Sasa ipi ndiyo hukumu yake? Hakujua. Meneja hakumgombeza. Alisema mwongozo unaojipinga utawafanya wachekwe, basi waachane nao.

Heri yangeishia hapo. Akizirudisha kadi sandukuni, alikutana na ya kifungua mimba, yaani mtoto wa kwanza.

Mwalimu mmoja mstaafu aliwahi kuleta kitabu kuhusu binti yake wa kwanza, aliyefariki. Bi Kistari akamuunganishia maneno hayo kila ukurasa. Mzee akaja mwenyewe kumbembeleza.

"Niachie hilo moja tu, mwanangu. Ndivyo nilivyoandika kwenye kaburi lake."

Bi Kistari alikataa katakata, akamwonyesha kadi ya ofisini: neno moja. Mzee alibeba mswada wake akaondoka, na akazikwa kitabu hakijatoka.

Kadi ya nyumbani, kwa mkono wake Bi Kistari mwenyewe, ilisema: maneno mawili.

Alitamani kumwomba mtu radhi, na mtu hakuwepo. Mpiga chapa alimuuliza visanduku aviweke wapi. Akajibu, popote.