Kahawa Aliyosahau Kuionja

Asubuhi za Nyanga, pembezoni mwa mji wa Bukoba, huanza na ukungu uliolala juu ya migomba, mzito, usio na haraka. Anatolia naye hana haraka nao. Hukaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, simu imefungwa kwenye pindo la kanga, na kusubiri. Ukungu ukianza kupanda na mwanga kupenya kwenye migomba, hukata jani bichi, akalifuta umande kwa kiganja, akamwaga juu yake kahawa ya kutafuna, kisha akapiga picha. Mwanga huo haukai. Jua likishapanda juu ya paa, kahawa huonekana nyeusi tupu na picha haifai tena.

Kujua hilo kulimgharimu aibu. Picha yake ya kwanza aliipiga jioni, kahawa ikiwa kwenye sinia sakafuni, akaiweka kwenye Status ya WhatsApp. Wa kwanza kujibu alikuwa mwanakwaya mwenzake wa usharika. Aliandika: "Ma Anatolia, na huyo mbuzi mwenyewe unamuuza?"

Anatolia alicheka mpaka akaketi. Kisha akaitazama ile picha upya na kuona kwamba mwenzake hakukosea: zile punje zilikuwa kama zimedondoshwa na mbuzi. Kesho yake ndipo alipokata jani la kwanza.

Kwa asiyeijua kahawa hii: Wahaya huichuma ikiwa imekomaa, huichemsha na majani yenye harufu nzuri, huianika mpaka ikauke na ganda lake, na haiendi kwenye kikombe. Hutafunwa. Mgeni akishaketi, kabla hata hajaulizwa habari za alikotoka, huletewa kikapu kidogo. Mwenyeji huchukua punje ya kwanza, huitafuna mgeni akiona, ndipo humkaribisha naye achukue. Ni desturi ya siku ambazo watu waliogopa sumu kuliko mkuki. Hofu yenyewe imekufa siku nyingi. Mikono ndiyo imebaki ikikumbuka.

Kabla ya simu, Anatolia aliuza kwenye stendi ya mabasi mjini Bukoba, beseni kichwani, akipita chini ya madirisha ya magari yanayokwenda mbali. Nimewahi kumwona enzi hizo. Mikono ilitoka dirishani, ikapokea kifungu cha kahawa kilichofungwa kwa jani kavu la mgomba, basi likaondoka, na mtu yule akapotea nchini kama jiwe lililotupwa ziwani. Kila siku alianza upya na wageni. Hakuna aliyerudi kumwambia kahawa ilikuwa nzuri au mbaya, na nadhani hilo ndilo lililomchosha kuliko jua. Siku moja abiria mmoja alimwomba namba ya simu. Anatolia alisita, akampa ya mumewe. Wiki ile ile Byabato, mumewe, fundi seremala ambaye hapendi kukatizwa akiwa kwenye randa, alirudi nyumbani akamwambia, "Kuna watu Dar wananiita Mama Kahawa. Nunua simu yako."

Alinunua iliyokwisha kutumika, kwenye duka la mtaa wa Bakoba mjini, kioo kimepasuka pembeni. Kwa simu hiyo amejenga jambo ambalo wenye maduka makubwa hawaliwezi: watu walio mbali wanamwamini bila kumwona. Mvua ikinyesha na kahawa ikakataa kukauka, anaweka picha ya jamvi lililokunjwa na kuandika, "Leo jua limenigomea. Mizigo itachelewa, mnisamehe." Hachukui picha ya mtu mwingine. Mteja akimwandikia, humjibu kwa sauti, na kwanza humuuliza kwao ni wapi, kijiji gani, nyumba ya nani, hata mtu akasahau kwamba alikuja kununua. Jumapili simu hukaa kimya mpaka ibada iishe. Mwanamke mmoja wa Mwanza aliniambia kwamba yeye hata hatafuni kahawa. Hununua ili asikie salamu za Kihaya kutoka kwenye simu.

Basi ndipo ikaja ile video.

Mama mkwe wake, Ma Klaudia, alikuwa amekuja kutoka Rubya, wilayani Muleba, kuwaona wajukuu. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kunyamaza kwa namna inayowafanya watu wakumbuke makosa yao. Anatolia alifurahi. Aliona kwamba hapo ndipo kahawa yake inapokamilika: mama wa nyumba, kikapu, mkamwana amepiga magoti. Aliegemeza simu kwenye kinu, akaiwasha irekodi yenyewe, akapiga magoti mbele ya mama mkwe na kutoa kikapu kwa mikono miwili. Ma Klaudia akachukua punje, akatafuna. Picha ilikuwa nzuri kweli. Kulikuwa na mwanga, kulikuwa na heshima, na Anatolia alikuwa anatabasamu.

Alikuwa anatabasamu kwa sababu alikuwa anajiona. Kioo cha simu kilimwonyesha sura yake, naye macho yake yalikuwa huko, kuhakikisha kikapu hakijakatwa na ukingo wa picha. Na kwa kujitazama, mkono wake ulisahau. Hakutangulia kutafuna.

Video akaiweka kwenye ukurasa wake, na kosa hilo asingeliona mtu wa pwani wala wa kusini. Waliona Wahaya. Kijana aitwaye Derick, aliyezaliwa Muleba na kuishi Dar es Salaam, anayejulikana mtandaoni kwa mizaha, aliandika chini ya video: "Mkamwana haonji, anampa mama mkwe. Bibi, iteme hiyo." Watu wakacheka. Mwingine akaandika, "Urithi ni mkubwa kiasi gani?" Wakacheka zaidi. Video ikahamishwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine, na kadiri ilivyokwenda mbali na mzaha wa kwanza, ndivyo kicheko kilivyopungua. Kufika kundi la tatu au la nne, mtu mmoja aliuliza kwa herufi kubwa: HUYU MAMA ANACHEMSHA NA NINI?

Ta Lwakatare alikuwa mmoja wa waliosoma. Mzee huyu wa Kimara, Dar es Salaam, alikuwa anamwoza binti yake, na alikuwa ameagiza kwa Anatolia kahawa yote ya kuwakaribisha wakwe siku ya kuleta mahari. Ujumbe wake ulikuwa wa sauti, wa taratibu.

"Ma Anatolia, mimi sina neno na wewe. Lakini wazee wa ukoo wanauliza. Siwezi kuweka mbele ya wakwe kitu ambacho kimeshasemwa. Naomba tusubiri kidogo."

Anatolia aliusikiliza akiwa amesimama uani, kahawa ya mzee huyo ikiwa imetandazwa miguuni pake kwenye majamvi. Kama Ta Lwakatare angeagiza kwingine, kila Mhaya aliyealikwa angejua sababu. Kahawa nyingine ingepatikana. Jina lake lisingepatikana tena.

"Futa," alisema Byabato.

"Nimefuta. Iko kwenye simu zao."

"Basi sema ulitafuna kabla hujawasha simu. Nani atajua?"

Anatolia aliinama, akageuza kahawa kwenye jamvi. Byabato akaendelea kupiga msasa mguu wa kiti, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hata mimi nisingejua, na nilikuwepo."

Kesho yake alipanda gari la Muleba, akiwa na sukari, mkate na kifungu cha kahawa. Alitaka Ma Klaudia alisikie jambo hili kutoka kinywani mwake kabla halijamfikia kwa njia nyingine. Alichelewa. Alipopiga magoti mlangoni kusalimia, mama mkwe hakumkaribisha kwanza. Alimtazama kutoka utosini mpaka kwenye vumbi la miguu.

"Nasikia umeniua," alisema.

"Mama waitu, mama yetu."

"Kanisani wamenishika mkono wote. Mmoja akanigusa na shavu, kuona kama lina joto." Akamsogezea kigoda. "Kaa. Maiti inakukaribisha."

Anatolia alikaa, na maneno yote aliyoyapanga njiani yakamtoka kichwani. Akasema tu, "Nilisahau, mama. Nilikuwa natazama simu."

"Niliona."

"Uliona?"

"Kwani mimi sina macho? Ulikuwa unacheka na kile kioo kama bibi harusi."

"Kwa nini hukusema, mama?"

Ma Klaudia alikunja midomo. "Ningesema nini? Nimekula kwako tangu mwanangu akuoe. Nilichukua nikatafuna."

Nje, upepo wa mchana ulikuwa unapita kwenye kibanja, na majani ya migomba yaliyochanika yalikuwa yanagongana. Anatolia aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipolia, na kwamba mama mkwe alimwacha alie huku akimenya ndizi, bila kuinua kichwa.

Ndizi zilipokuwa motoni, Ma Klaudia alisema, "Ile simu inasikia Kihaya?"

"Inasikia."

"Basi iwashe nikuondolee maneno. Nitawaambia mimi si mgeni. Nyumba ile ni ya mwanangu. Anayeonjewa ni mgeni, mama mwenye nyumba haonjewi. Nani atabisha?"

Hakuna ambaye angebisha. Ilikuwa hoja safi, imetoka kwa mzee, na ndani yake kulikuwa na ukweli wa kutosha kumfunika mtu. Huyo Derick angebaki na aibu yake. Ta Lwakatare angepata la kuwaambia wazee. Anatolia alifungua pindo la kanga, akatoa simu, lakini hakuiwasha.

"Mama, lakini mimi sikuacha kukuonjea kwa sababu wewe ni mwenye nyumba. Nilisahau."

"Wao wanajua?"

"Mimi najua. Na kila siku nawaambia hata mvua ikininyeshea."

Ma Klaudia alisukuma kuni motoni. "Byabato alipata mwanamke mgumu," alisema, na kwa jinsi alivyolitamka, halikuwa tusi.

Walirekodi pale pale uani, moshi wa jiko ukipita nyuma yao. Safari hii Anatolia aliigeuza simu, kioo kikatazama upande mwingine, asijione. Alisalimia kwa Kihaya, kisha akasema kwa Kiswahili ili wote wasikie: katika ile video hakutangulia kutafuna, hakuna sababu nyingine, alikuwa anajitazama kwenye simu, anamwomba mama mkwe radhi mbele yao, na wao pia. Akachukua punje, akatafuna, akameza, akamtolea Ma Klaudia kikapu kwa mikono miwili.

Hapo ilikuwa iishe. Lakini Ma Klaudia, kahawa ikiwa shavuni, aliinama akaikaribia simu hadi uso wake ukaijaza, akasema, "Na wewe mtoto wa Muleba unayeandika. Ukija nyumbani njoo unisalimie. Nitakutafunia wewe kwanza, usiogope."

Derick alijibu kabla Anatolia hajafika Bukoba. Aliandika maneno mawili tu, "Kasinge waitu," ambayo kwetu ni shukrani na kuinamisha kichwa kwa pamoja, na yeye mwenyewe akaipeleka video ile katika makundi yote ambako mzaha wake ulikuwa umefika. Watu waliandika mengi. Wengine walimwandikia mama mkwe, wakimwomba naye afungue ukurasa.

Ta Lwakatare hakuandika kitu. Siku zilipita. Anatolia alikuwa akigeuza kahawa kwenye majamvi asubuhi, akiianua mawingu yakikusanyika, akiifunga kwenye majani makavu kama kwamba mzee angeidai kesho. Hakumwandikia kumkumbusha. Nilimuuliza kwa nini. Alisema, "Nimeshasema nilichokuwa nacho. Nikizidisha nitakuwa namsukuma." Mwishoni alipeleka mzigo kwenye basi la Dar bila kuagizwa upya, akamtumia mzee ujumbe mfupi: kahawa iko njiani, akiona haifai aigawe kwa majirani.

Siku ya mahari, watu wakiwa wametoka kanisani, simu yake iliita. Ilikuwa ya video. Kwenye kioo kile kilichopasuka alionekana Ta Lwakatare na kanzu yake nyeupe, na nyuma yake sebule iliyojaa wazee, wakwe upande mmoja, wenyeji upande mwingine. Mezani kulikuwa na kikapu, na ndani yake Anatolia aliyatambua mafundo ya vifungu vyake mwenyewe.

"Ma Anatolia," alisema mzee, "nyegera, karibu. Wazee wamekaa. Mimi ni mwenyeji hapa, lakini aliyeipika ni wewe. Tangulia."

Anatolia alipiga magoti pale uani, Nyanga, kwenye jamvi, mbele ya simu aliyokuwa ameiegemeza kwenye kinu kile kile. Katika pembe ya kioo kilikuwepo kile kidirisha kidogo kinachomwonyesha mtu sura yake. Alinyoosha kidole gumba, akakiziba. Kwa mkono mwingine akachukua punje kutoka kwenye jani, akaitia kinywani. Sebule yote ya Kimara ilisikia ganda likivunjika kati ya meno yake.

Alipomeza, Ta Lwakatare alichukua yake. Kisha kikapu kikasogezwa kwa wakwe, mkono baada ya mkono. Anatolia alibaki amepiga magoti, kidole bado kimeziba uso wake, akiwatazama wakitafuna.