Bi Mardhiya Aomba Ruhusa

Bi Mardhiya wa Wingwi amekuwa mganga wa miti shamba kwa miaka arubaini. Ubishi anao, tena wa kutosha kijiji kizima, lakini kwa adabu ya kazi hana mfano. Mgonjwa akija, swali la kwanza ni moja: "Una dawa ya mtu uitumiayo?" Akisema anayo, hurudishwa akaimalize, au akaombe ruhusa kwa aliyempa. Kwake yeye, kuchanganya dawa za waganga wawili ni kuwavunjia heshima wote.

Mwaka jana saratani ya titi ilimpata mwenyewe. Akapasuliwa Unguja, akapewa vidonge vya kumeza kila siku kwa miaka mitano. Kisha mwanawe Saud, mfanyabiashara, akamletea kutoka China kopo la unga wa mzizi unaosifiwa kwamba huimarisha kinga ya mwili na kupambana na saratani. Bi Mardhiya akaunusa, akauonja, akaupenda. Vidonge akavifungia kabatini, kwa adabu ile ile.

Baada ya mwezi, binti yake Thuraiya akavikuta havijaguswa.

"Mama! Wataka kutuacha?"

"Mie sichanganyi dawa, mwanangu."

"Basi nenda kaombe ruhusa, kama unavyowaambia wenzio."

Hilo hakuweza kulibishia. Asubuhi wakaenda hospitali, Thuraiya kavichukua vidonge mkobani. Bi Mardhiya akaliweka kopo mbele ya Daktari Safaa, msichana wa umri wa wajukuu zake.

"Nimekuja kuomba ruhusa, daktari."

Safaa akasoma maandishi ya kopo, kisha akatafuta kwenye kompyuta kwa muda mrefu. Akaeleza kuwa kiini cha mzizi ule kimejaribiwa maabara na kwa panya. Huamsha kinga na kupunguza kasi ya saratani.

"Lakini kwa binadamu ushahidi bado mdogo, bibi. Na ukiuchanganya na vidonge hivi, utakudhuru au la, sijui. Ruhusa siwezi kukupa. Virudie vidonge leo."

"Hujui?"

"Sijui, bibi."

Miaka yote ile Bi Mardhiya hakuwahi kumwambia mgonjwa neno hilo. Akamkumbuka Mize, jirani yake, aliyemjia na uvimbe kama huu huu. Alimchemshia majani miezi saba, akimhakikishia atapona, mpaka wakamzika.

Akameza kidonge pale pale, machozi yakimtiririka.

"Mize ningelimwambia sijui," alisema, "angelikwenda hospitali."