Ramani yangu ilisema shamba la baba mdogo linafaa

Wakuu, heshima zenu.

Hili nimekaa nalo muda mrefu. Leo nalitoa kama lilivyo, bila kuongeza chumvi. Najua mtanisema, semeni tu.

Mimi ni mzaliwa wa Shume, kule juu Lushoto. Mwaka wa mwisho chuo, project yangu ilikuwa kutengeneza ramani ya ardhi inayofaa kwa viazi mviringo huko kwetu. Kijani inafaa sana, njano wastani, nyekundu usijaribu.

Kwenye field nilitakiwa nizunguke milimani na GPS, nichimbe vishimo nipime kina cha udongo.

Wanaoijua Usambara wakati wa masika wanajua utelezi wake. Nilipanda mara mbili, nikachoka kabla ya kufika juu. Vishimo vilivyobaki vyote nikachimba kandokando ya barabara, pale pikipiki inapofika. Huko juu nikaiachia software ikisie yenyewe.

(Mliosoma GIS, hizi ramani za kompyuta, msijifanye hamjui mchezo huu.)

Ramani ikatoka nzuri balaa. Kwenye sura ya mapungufu niliandika mistari miwili: muda ulikuwa mfupi, bajeti haikutosha. Kwamba ile miteremko ya juu sikuikanyaga, sikuandika. Nikapata A.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Nilichapisha nakala kubwa nikampelekea baba mdogo, ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Akaibandika sebuleni. Kila mgeni akiingia, hata mchungaji, anaonyeshwa: "Hii kazi ya mwanangu."

Shamba lake liko juu mteremkoni, na lilikuwa na mipeasi aliyopanda babu. Kwenye ramani, kijani tupu.

Sikuwepo alipoamua kuing'oa mipeasi ili alime viazi. Mama mdogo alimzuia, akamkumbusha kwamba babu aliweka miti pale kwa sababu jembe halizami.

Baba mdogo akamjibu, "Mtoto kapima kwa mitambo. Babu alipima kwa kitu gani?"

Miti ikang'olewa, viazi vikapandwa. Mvua kubwa ya kwanza ikashusha udongo mpaka bondeni, na viazi vyake. Kumbe ulikuwa shubiri moja tu, chini yake mwamba.

Nikaenda kuomba radhi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama siku zote. Nikamweleza yote, mpaka habari ya vishimo vya barabarani.

Akasema, "Ungeniambia tu hukufika, mwanangu. Ningekupeleka mwenyewe."

Nililia, wakuu. Bora angenitukana.

Ramani hajaibandua. Ila katikati ya kijani changu amechora duara kwa kalamu, na ndani yake kaandika "mwamba" kwa mwandiko wake wa darasa la saba. Neno hilo moja lina ukweli zaidi kuliko sura yangu nzima ya mapungufu.

Wadogo zangu mlioko chuo, kama hukufika mahali, andika hukufika. Msahihishaji atasoma na kusahau, lakini kuna mtu atalima hapo.

Sasa naomba msaada, hasa kwa watu wa kilimo. Nimepata miche ya mipeasi, lakini sijui kama itashika kwenye udongo uliobaki. Mwenye uzoefu wa kurudisha shamba la mteremko lililobebwa na maji, tafadhali ashushe maelezo hapa chini.

Tunaanza mashimo Jumamosi. Baba mdogo kasema safari hii twende wote, na mimi ndiye nishike jembe.