Sahani ya Buluu na Maji ya Ukwaju

Baba yangu alikuwa sonara Mombasa, na kazi yake niliijua kabla sijaota ndevu. Birmingham, Uingereza, ujuzi huo haukunisaidia kitu. Miaka minne nilipachika milango ya magari kiwandani Longbridge, nikirudi nyumbani Bordesley Green mikono inanuka grisi, na niliichukia kila siku yake.

Kisha fundi mmoja mzee wa Kiingereza, mkarabati wa enameli za kale, yaani vyombo vya madini vilivyofunikwa kwa kioo cha rangi, akakubali kunijaribu wiki moja. Nikaomba likizo kiwandani. Kama ningefaulu, benchi la kazi la dirishani lingekuwa langu.

Siku ya nne alinikabidhi sahani ndogo ya Kifaransa ya karne ya kumi na tisa. Ilikuwa ya shaba, imefunikwa kwa kioo cha buluu nzito kilichoyeyushiwa juu yake, na katikati uso wa mwanamke uliochorwa kwa rangi nyeupe, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikichomwa peke yake tanuruni. Ukingo tu ndio ulioota kutu ya kijani.

"Kitambaa kikavu, basi," aliniambia. "Usiongeze kitu."

Nilimcheka kimoyomoyo. Huyu anifundishe mimi kusafisha shaba? Alipotoka kwenda kula, niliichemsha sahani kwenye maji ya ukwaju, ukwaju niliobeba kutoka nyumbani. Ndivyo baba alivyomalizia kila kazi: chemsha, piga brashi, suuza. Ukingo ukatoka mwekundu, unang'aa. Nilijisikia fundi tena, na nilifurahi mno.

Sahani ilipokauka, buluu ilikuwa imepauka, na uso wa yule mwanamke umechakaa kama ukuta wa chokaa ulionyeshewa. Ukwaju hauidhuru dhahabu. Kioo kile uliking'ata.

Mzee aliishika karibu na dirisha kwa muda mrefu. Nilimsihi aichome upya.

"Nikiirudisha motoni itapasuka yote," alisema. Hakunifokea. Laiti angenifokea! Aliniuliza tu, kwa upole, kama nilikielewa Kiingereza chake.

Nilikuwa nimeelewa kila neno. Nikamjibu sikuelewa. Akatikisa kichwa kuafiki, kama mtu aliyelitarajia jibu hilo.

Jumatatu nilirudi kwenye milango ya magari. Mke wangu alipouliza kulikoni, nilimwambia mzee hakutaka mtu mweusi benchini kwake. Mpaka anafariki, mke wangu alikuwa akimlaani mzee yule, nami nilimwacha amlaani.