Dumuzi wa Shangazi

Juzi, sokoni Lilongwe, niliona dumuzi, yule mdudu mtoboa nafaka, akitoka kwenye punje ya mahindi, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Mama alikuwa anachoma gunia letu lote la mahindi. Moshi ulinukia kama bisi, nami nilikuwa na njaa.

“Mama, tutakula nini?”

“Iko na dumuzi, mwanangu. Tukiacha hata kidogo, bataingia mu mahindi ya bantu bote.”

Nilidhani mama amerukwa na akili. Nilificha kopo moja la mahindi ambayo hayakuwa yameungua, na tulipokwenda kwa shangazi Nsungwi, nikampa kwa siri, bila kumwambia yana dumuzi. Alinikumbatia, akayamimina mahindi yale kwenye gunia jipya alilotoka kununua Mponela.

Kabla ya mvua, gunia hilo lilikuwa vumbi tupu, na watoto wake walishinda na njaa. Shangazi alimlaani yule wa Mponela aliyemuuzia. Nilikuwa nimekaa pale pale, nikamsaidia kulikung'uta gunia.